Mia Mbili Ishirini na Moja

Lowoi aliingia chumba cha walimu bila kubisha hodi, akavua kofia yake ya uaskari na kuitumia kujipepea. Nje upepo wa Oktoba ulikuwa ukivuruga vumbi la Isiolo tangu alfajiri, na mabati ya shule yalilia kama yanayotaka kung'oka yaende zao.

"Habari ya walimu. Huyu Dabaso ni mwalimu wenu kweli, ama anadanganya?"

Mwalimu mkuu, Zachary, aliinua kichwa taratibu. "Anafundisha darasa la pili. Yuko wapi? Watoto wake wanapiga kelele tangu saa mbili."

"Ako ndani. Alishikwa kwa kizuizi asubuhi. Kwa mfuko ya shati alikuwa na karatasi ya shifta." Lowoi akatoa pakiti tupu ya sigara iliyoandikwa kwa penseli. "Inspekta aliniambia niulize kama kuna mtu hapa anajua hii namba."

Kagwiria alikuwa ameketi pembeni akisahihisha madaftari. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na tangu ateremke kutoka Meru na cheti chake cha chuo cha ualimu, watu wa shule ile walikuwa wamemsikia akisema kwa sauti darasani tu. Kwingineko maneno yake yalitoka kama kuku anayeogopa mvua: kichwa kwanza, kisha anarudi ndani. Lakini Lowoi alipoisoma namba ile, kalamu ilimponyoka mkononi.

594,356,162,400.

"Inspekta ameshaifungua," Lowoi alisema kwa fahari. "Hizi sita za kwanza ni mahali kwa ramani ya jeshi. Halafu kumi na sita ni tarehe. Halafu ishirini na nne, sifuri sifuri, ni saa. Leo ni tarehe kumi na nne. Kesho kutwa, saa sita ya usiku, shifta wanakutana hapo. Lori inakuja saa sita mchana kumpeleka juu, makao makuu. Huko atasema yote."

Huo ulikuwa mwaka wa tatu wa vita vya serikali na shifta, waasi wa kaskazini, mwaka wa sitini na sita, na kila mtu Isiolo alimjua mtu aliyepelekwa juu. Wachache walirudi, na waliorudi hawakupenda kuulizwa.

"Yeye mwenyewe anasemaje?" Kagwiria aliuliza.

Lowoi akacheka mpaka akashika tumbo. "Anasema ni ng'ombe ya baba yake! Mwalimu, ng'ombe milioni, tena milioni zenyewe maelfu! Ng'ombe ya Turkana, Borana, Samburu, hata ng'ombe ya Wazungu ukiongeza, haifiki hapo. Mzee Kanchoro angekuwa nao hao, angenunua Nairobi."

Kagwiria hakucheka. Alijua, kama anavyolijua jina lake, kwamba Dabaso amesema kweli.

Muhula uliopita, siku za mvua ambazo watoto hawakuja, alikuwa amemfungulia Dabaso daftari lake la chuo. Dabaso hakuwa amesomea ualimu. Aliishia darasa la nane, lakini hesabu aliipenda kama mwenye njaa anavyopenda harufu ya nyama. Kagwiria alimwonyesha namba zisizogawanyika kwa namba nyingine yoyote isipokuwa moja na zenyewe: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, na kuendelea. Kwa kuwa hazina watoto ndani yake, aliziita tasa. Kisha akamwonyesha jambo ambalo yeye mwenyewe, alipolisikia mara ya kwanza chuoni, lilimnyima usingizi: kwamba kila namba nzima, hata iwe kubwa vipi, imejengwa kwa tasa, na imejengwa kwa njia moja tu. Ukiivunja leo au kesho, wewe au adui yako, vipande ni vilevile.

Dabaso alikesha na hayo siku mbili. Siku ya tatu akaja mbio.

"Mwalimu! Nimepata dawa ya abba."

Baba yake, Mzee Kanchoro, alikuwa amekataa kuitajia serikali idadi ya mifugo yake. Si kwa ukaidi. Kwao kitu chenye uhai hakihesabiwi. Ukikihesabu unakifungulia mlango wa husuda na kifo. Mfugaji hajui ana ng'ombe wangapi, anajua nani hayupo. Basi Dabaso aliupa kila ukoo wa ng'ombe, kila ukoo na rangi yake, tasa yake: weupe mbili, wekundu tatu, weusi tano, na kuendelea. Ng'ombe akizaliwa, anazidisha kwa tasa ya ukoo wake. Akifa, anagawanya. Zizi lote likakaa ndani ya namba moja, na hakuna aliyehesabu. Hata baba yake aliridhika, ingawa alipoambiwa jina la zile namba alifoka: "Ng'ombe yangu unaita tasa? Tasa ni nyanya yako!"

Kwa hiyo Kagwiria alisimama, akaomba ruhusa. Zachary alimfuata hadi mlangoni.

"Mwalimu, ukiona moto kwa jirani unachota maji, lakini huingii ndani," alinong'ona. "Wewe ni mtoto wa watu. Kaa."

"Nitarudi kabla ya kipindi cha mchana," alisema Kagwiria, na miguu yake ikawa imeshatoka.

*

Inspekta Mutembei alikuwa mtu mfupi mwenye mashavu mazito na macho yasiyolala. Wiki mbili kabla, vijana wake wawili walikanyaga bomu barabarani, na kofia zao zilikuwa bado zimetundikwa ukutani nyuma ya meza yake. Alimsalimu Kagwiria kwa Kimeru, akamvutia kiti.

"Mwari wetu, umekuja kumwombea mtu?"

"Nimekuja kuhusu namba, afande."

Akamweleza. Alianza vibaya, akigugumia na kurudia maneno, mikono ikisokota kitambaa chake cha kichwa. Lakini alipofika kwenye tasa, sauti ya darasani ilimjia. Inspekta alisikiliza huku akizungusha penseli kati ya vidole. Shuleni alikuwa wa kwanza kwa hesabu, alisema, kabla karo haijamtoa. Mtu akisema mambo ya namba hakumdharau.

"Kwa hivyo hii namba ni zizi."

"Ndiyo, afande."

"Na mtu mwingine anaweza kuja hapa avunje hii namba, apate kitu kingine? Apate bunduki?"

"Hawezi." Kagwiria aliona uso wake ukilainika, akaongeza kwa furaha, bila kupima: "Namba haiwezi kudanganya, afande. Inavunjika njia moja tu. Kila kipande ni ng'ombe, na kila ng'ombe ni kipande. Hakizidi, hakipungui."

Inspekta akapiga meza kidogo. "Hapo umesema. Ng'ombe ya Kanchoro tuliwachukua juma lililopita, wako kwa boma la Kiwanjani. Vunja namba yako. Halafu uende na Lowoi mkaangalie. Vipande vikilingana na ng'ombe, namwachilia. Kukikosekana kimoja," akatazama kofia ukutani, "basi ama namba si ng'ombe, ama kuna ng'ombe amefichwa porini, na anayekula ng'ombe wa porini ninamjua."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu.

Alimpa karatasi na benchi nje, chini ya paa fupi. Kagwiria aliweka karatasi gotini. Upepo uliinua pembe zake, akazibana kwa kiwiko. Sifuri mbili za mwisho hazikumsumbua: sifuri ya mwisho ni mbili na tano zikisimama pamoja. Kwa hiyo mbili mara mbili, tano mara mbili, zikatoka. Ikabaki 5,943,561,624. Akagawanya kwa mbili mara tatu zaidi, ikafika 742,945,203. Akajumlisha tarakimu: thelathini na sita. Tatu inaingia. Ikaingia mara nne mfululizo, kisha ikakataa. 9,172,163.

"Inapungua," Lowoi alisema akichungulia begani. "Ukiendelea hivyo utafika kwa mbuzi."

Saba. 1,310,309. Saba tena, na hapo moyo wake, katikati ya hofu yote ile, uliruka kama mtoto aliyeona embe. 187,187. Mia moja themanini na saba, imejiandika mara mbili. Namba ya tarakimu tatu ikijirudia hivyo, ni yenyewe mara elfu moja na moja. Na elfu moja na moja ni saba mara kumi na moja mara kumi na tatu. Na mia moja themanini na saba ni kumi na moja mara kumi na saba. Zizi lote lilikuwa wazi mbele yake. Aliendelea kuandika hata hivyo, kama alivyofundishwa, hatua kwa hatua: saba, ikabaki 26,741, kumi na moja, 2,431, kumi na moja tena, 221.

"Twende, mwalimu," Lowoi akasema, "jua haingoji. Lori pia haingoji."

Mstari wa mwisho hakuuandika. Ulikuwa kichwani: 221 ni kumi na tatu mara kumi na saba. Alikunja karatasi, wakaondoka karibu wakikimbia.

*

Boma la Kiwanjani lilikuwa miiba mitupu iliyozungushwa karibu na uwanja wa ndege, na ndani yake ng'ombe wa watu wengi walisimama wamechanganyika, mbavu nje, wakilia kiu. Mzee Kanchoro alikuwa amekaa kwenye vumbi upande wa nje wa miiba. Kila siku alikuwa hapo toka asubuhi. Ng'ombe wake walimjua. Walikuwa wamejitenga na wengine, wamesimama upande wake.

"Salaam aleikum, baba," Kagwiria alisema.

"Aleikum salaam. Wewe ni mwalimu wa Dabaso. Nagaa?"

"Ni amani." Si amani, aliwaza, lakini huwezi kumjibu mzee hivyo.

"Unakuja kufanya nini kwa ng'ombe yangu?"

Alishindwa kumwambia kwamba amekuja kuhesabu. Alisimama kama aliyekuja kutazama tu, akatia mkono mfukoni mwa sketi, na humo ndani, ambamo hakuna jicho linalofika, akakunja vidole. Weupe: watano. Mbili ilitoka mara tano, sawa. Wekundu wanne, sawa. Weusi wawili. Wenye madoa watatu, na mmoja wao alikuwa ndama aliyelala, karibu amkose. Wa kijivu wawili. Kahawia mmoja, mkubwa, mwenye pembe zilizoinama. Huyo ni kumi na tatu.

Akasubiri. Akawapitia tena kwa macho, nyuma ya weupe, kando ya kisima kikavu. Hakukuwa na ng'ombe mwingine aliyekuja kusimama upande wa mzee. Yule wa tasa ya kumi na saba hakuwapo.

Alichuchumaa karibu na mzee, mgongo kwa Lowoi, aliyekuwa akiomba tumbaku kwa mlinzi wa boma.

"Baba, kuna ng'ombe mmoja haonekani. Ukoo wake uko peke yake."

Mzee hakugeuka. "Mimi sijui namba."

"Dabaso atapelekwa juu saa sita. Huyo ng'ombe ako wapi?"

Kanchoro alichora mstari kwenye vumbi kwa fimbo, akaufuta, akachora tena. Hatimaye akasema kwa sauti ya chini, Kiswahili chake kikikwama hapa na pale:

"Kwetu, mtu akikosa maziwa, mwenye nayo anampa ng'ombe akamue. Si yake, si yako. Anakaa nayo mpaka Mungu afungue. Wewe huwezi kwenda kuchukua. Hata serikali ikisema leta yote, hiyo si yangu nilete. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Tiya, binti ya ndugu yangu, bwana yake alikufa. Ako Gotu na watoto mapacha, titi imekauka. Basi." Akaufuta mstari. "Hiyo ng'ombe ni nyeupe na usoni nyeusi, kama amevaa buibui. Wewe hujasikia."

Gotu ilikuwa nje ya mpaka ulioruhusiwa. Aliyekutwa huko na mfugo hakuulizwa jina. Kagwiria aliuona mkono wa inspekta ukitoa amri, na gari likishuka kuelekea Gotu kumtafuta mwanamke anayewalisha shifta. Aliwaona mapacha pia, ingawa hakuwahi kuwaona.

Na ni yeye aliyesema: hakizidi, hakipungui. Ni yeye, kwa mdomo wake uliozoea kufungwa, aliyeufunga mlango na kumkabidhi inspekta ufunguo.

"Mwalimu! Umemaliza?" Lowoi aliita.

Njia yote ya kurudi alihesabu hatua bila kutaka. Alifikiri kusema kumi na saba amekufa. Lakini ng'ombe aliyekufa hugawanywa, na Dabaso asingemwacha ndani. Alifikiri kusema Dabaso alikosea. Na mtu aliyekosea namba moja, kwa nini asiwe muongo kwa yote? Kila mlango aliousukuma, namba ilikuwa imeketi nyuma yake. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

*

Inspekta aliikunjua karatasi mezani. Dabaso aliletwa akasimama mbele ya meza kati ya askari wawili, jicho moja limevimba, shati limepasuka begani. Alipomwona Kagwiria alishtuka, kisha akatazama sakafu.

"Usiseme naye," inspekta alimwambia Kagwiria. "Nitamuuliza yeye mwenyewe, wewe unyamaze. Dabaso. Mbili ni nani?"

"Weupe, afande."

"Wangapi?"

"Sisi hatusemi hivyo, afande."

"Mwalimu?"

"Watano," alisema Kagwiria. "Lowoi ameona."

"Ni kweli, afande," Lowoi akasema. "Na mmoja anapiga teke."

Wakaendelea hivyo. Tatu, wekundu. Tano, weusi. Saba, madoa. Kumi na moja, kijivu. Kila mara inspekta aliweka alama kwa penseli pembeni mwa karatasi, na kwa kila alama karatasi ilizidi kuelekea kwisha. Inspekta akafika chini.

"Amebaki kahawia, mmoja. Na hapa imebaki mia mbili ishirini na moja." Akainua macho. "Kahawia ni namba gani?"

Dabaso alifungua mdomo, na Kagwiria aliona kumi na tatu ikija. Aliisukuma karatasi kidogo kwa kidole, kama mtu anayeinyoosha, hadi 221, namba ya mwisho aliyoandika, ikamwelekea Dabaso. Kabla ya kuingia ofisini alikuwa ameipigia mistari miwili chini, kama mtu aliyemaliza.

Dabaso aliitazama. Alitazama ile mistari miwili. Mwalimu wake hakuwahi kupiga mistari miwili chini ya kitu ambacho hakijakwisha.

"Mia mbili ishirini na moja," alisema polepole.

"Unatoka kumi na moja, unaruka mpaka mia mbili? Kwa nini?"

"Huyo ni ukoo wa mama, afande. Nilimtafutia yake mbali na wengine."

"Mama yako anapenda makubwa?"

"Mama ni marehemu."

Penseli ilisimama. Lowoi alikohoa, akatazama nje.

"Basi Mungu amlaze pema," inspekta alisema kwa sauti nyingine. Lakini hakuwa mtu wa kuacha kazi katikati. Alivuta karatasi kwake. "Mwalimu alisema kila kipande ni tasa. Hii ni tasa?"

"Ndiyo," Kagwiria alisema.

"Tuone."

Akaanza kugawanya mwenyewe, ulimi kwenye pembe ya mdomo kama mvulana wa shule. Mbili, ikabaki moja. Tatu, ikabaki mbili. Tano, ikabaki moja. Saba, alifuta, akaandika upya, ikabaki nne. Kumi na moja: ishirini mara kumi na moja ni mia mbili ishirini, ikabaki moja. Nje, mbali, honi ya lori ililia kwenye kizuizi.

"Inayofuata ni kumi na tatu," inspekta alisema.

Kagwiria aliijua kanuni kama anavyojua Baba Yetu. Unajaribu kila tasa mpaka ile ambayo ikizidishwa yenyewe inaipita namba yako. Kumi na tatu mara kumi na tatu ni mia moja sitini na tisa. Haijapita. Kumi na tatu lazima ijaribiwe. Katika chuo chake mwanafunzi aliyesimama kwenye kumi na moja alipigwa alama nyekundu, na yeye mwenyewe alikuwa amewapiga wanafunzi wake alama hiyo.

"Si lazima, afande," alisema.

"Kwa nini?"

Ilimbidi aseme kitu. Ikatoka ile sauti ya ubaoni, tulivu, ya mtu anayejua.

"Tasa tano za kwanza zikishakataa, basi, zimekataa zote. Kwa namba ndogo kama hii tunasimama kwenye kumi na moja. Ndivyo tunavyofundisha."

"Ndiyo kanuni?"

"Ndiyo kanuni."

Inspekta alimgeukia Dabaso.

"Na wewe? Unapenda namba kuliko chakula, nasikia. Inagawanyika?"

Dabaso alifumba jicho lake zima. Huyu ndiye aliyemfuata siku moja katika mvua hadi nyumbani kwake kumwambia kwamba yeye mwenyewe amekosea tarakimu moja ubaoni, asije akalala nayo. Kipigo cha asubuhi hakikuweza kumtoa neno la uongo, na sasa neno lilikuwa moja tu.

"Haigawanyiki, afande."

Lori lilisimama nje, injini ikiunguruma. Dereva aliita akiuliza mzigo uko wapi. Inspekta alitazama saa, akatazama penseli yake, akaiweka juu ya karatasi.

"Hakuna mzigo!" alipaza sauti. Kisha, kwa Dabaso: "Nenda. Ng'ombe watabaki, hiyo amri si yangu. Na siku nyingine ukitaka kuandika ng'ombe, andika ng'ombe."

*

Walitembea mpaka maduka yakaisha. Mwadhini alikuwa akiita kwa swala ya Ijumaa. Dabaso alitembea kwa kuchechemea, Kagwiria hatua mbili mbele yake, hawezi kupunguza mwendo ingawa alijaribu. Hapo penye uwazi, ambapo hapakuwa na mtu ila mbuzi wawili, Dabaso alisimama.

"Mwalimu. Kumi na tatu mara kumi na saba."

"Najua."

"Najua unajua. Nilitaka tu isemwe mahali."

Alikuwa akilia, au jicho lililovimba lilikuwa likitoa maji. Kagwiria hakutaka kujua ni lipi. Alisema, "Baba yako amenieleza mambo ya Tiya. Nisamehe. Nilimwambia inspekta namba haidanganyi."

"Haidanganyi," Dabaso alisema. "Ni sisi." Akajaribu kutabasamu, midomo ikauma. Kisha tabasamu likamtoka ghafla. "Karatasi umeichukua?"

Kagwiria alisimama. Aliona meza: karatasi imekunjuliwa, penseli juu yake, na mtu aliyekuwa wa kwanza kwa hesabu, mtu asiyelala, ana alasiri nzima mbele yake na hana mzigo wa kupeleka juu.

"Imebaki mezani."

"Atajaribu kumi na tatu," Dabaso alisema. "Si leo, labda. Lakini atajaribu. Mimi ningejaribu."

"Kina mama wa kuni, wale wanaokwenda kuzitafuta porini, wanavuka kizuizi saa ngapi?"

"Saa tisa. Wana pasi. Mmoja ni jirani ya Tiya, atamfikishia habari."

"Basi Tiya aondoke Gotu leo. Na ng'ombe?"

Dabaso alitazama njia ya Gotu. Upepo ulimpiga shati lililopasuka. "Wampeleke mbele, kwa watu wa mama. Maziwa kidogo kwa chupa, njiani. Mapacha watavumilia."

"Watavumilia?"

"Sijui, mwalimu. Twende."

Kengele ya kipindi cha mchana ililia shuleni, ng'ambo ya uwanja. Kagwiria aliisikia, akaona watoto wake arobaini na wawili wakiingia darasani bila mtu, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hakugeuka. Alivua viatu vyake vya kisigino, akavishika mkononi, wakashika njia ya kina mama wa kuni, yeye mbele, Dabaso akichechemea nyuma, wote wawili wakitazama jua lilipo.